Siku Saba Ulizonitayarishia Liuli

Dada Agatha,

Shikamoo. Naiandika nikijua marahaba haitakuja, lakini sijawahi kukuandikia bila kukuamkia, na siwezi kuanza leo.

Nilikuja Liuli, Dada, huko kwako ziwani. Nilimwachia shemeji yako kahawa ikiwa imeiva, nikapanda lori pale Mbinga, nikateremka milima yote ile nimekaa juu ya magunia ya mahindi. Majirani hapa Maguu waliniuliza nakwenda kumwuguza nani. Nilipowaambia nakwenda kupumzika wakaniuliza tena. Nani wa kwetu anapumzika wakati wa kuchuma?

Ulinialika mara tatu. Barua ya mwisho uliandika, "Njoo ukae tu uangalie maji, usiguse kazi." Nikakujibu kwamba siku hizi wanunuzi binafsi wanafika na magari yao mpaka kijijini, si kama zamani tulipokuwa tukiusubiri ushirika, kwa hiyo lazima tuwahi. Nikaandika, "Nitakuja kahawa ikiisha." Hukuniambia unaumwa. Kahawa ikaisha, mvua zikaanza, barabara ikakatika. Habari ziliponifikia ulikuwa umeshazikwa siku tisa. Sikukutupia hata konzi moja ya udongo.

Bibi Esta, mwenye nyumba wako, alinipokea kama mtu aliyekuwa akinisubiri. Chumba ulichonitandikia mwaka jana hajakipangisha. Cherehani yako ameifunika kwa shuka. Anasema mitumba ilipojaa sokoni wateja wako walipungua, mwishowe ukawa unashona viraka tu. Na hilo hukuniambia.

Asubuhi ya kwanza nilishika ufagio, akaninyang'anya.

"Marehemu aliniachia agizo," alisema. "Mdogo wake akija asifanye kazi. Kaa."

Nikakaa. Dada, mimi sijui kukaa. Mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika, ikaishia kuchomoa nyuzi za khanga mpaka pindo likafumuka. Wanawake walianika dagaa mchangani, wale mnaowaita usipa, wakaniamkia na kuniuliza kama nimekuja kwa matibabu. Mchana nililala kama mgonjwa kweli. Jioni nikaangalia maji, kama ulivyoagiza. Ni mengi. Siku ya tatu niliyachoka, nikaona aibu kuyachoka, nikalia mbele ya watoto waliokuwa wakichota maji, wakaondoka polepole na ndoo zao.

Siku ya nne Bibi Esta alinipeleka kaburini. Nilikuwa nimeazima jembe. Tulipofika nikakuta pameshapaliliwa, pamefagiliwa vizuri. Hata magugu hukuniachia. Nilisimama pale na jembe la watu begani, sala zote zikanipotea, hata Salamu Maria.

Tulipokuwa tunarudi, yule bibi alisimama njiani.

"Mwanangu, nilitaka kukuletea habari mapema. Alikuwepo mtu wa kwenda Mbinga. Agatha akanikataza. Akasema, mwache amalize kahawa yake, atakuja mwenyewe." Akainamisha kichwa. "Nilimtii. Nisamehe."

Nilikuwa nimekuja na hasira, Dada. Nimeibeba kutoka nyumbani nikitafuta wa kumpa. Nikamwangalia yule mama mzee, miguu yake imevimba kwa kunisindikiza, nikashindwa.

"Hukukosea, Bibi," nikamwambia.

Na wewe, ulikosea? Au ni mimi? Maneno yale ya kahawa uliyasoma kwenye barua yangu. Mwandiko ni wangu.

Siku zilizobaki nilikaa. Asubuhi ya saba lori likaja, Bibi Esta akanifungia samaki wakavu kwenye gazeti, akasema chumba hatakipangisha bado.

Shemeji yako alinipokea njia panda. "Umepumzika?" akauliza, kwa upole, wala hakutaja kahawa iliyoanguka chini. Nikasema ndiyo. Tukapanda mlima.

Juzi mwanangu Kandida alituma salamu kutoka Songea. Amejifungua mtoto wa kike, anaomba nikamwone. Shemeji yako anasema tumalizie kuanika kwanza, ni wiki mbili tu. Huenda ana haki. Lakini nimeshafunga mzigo, na kesho alfajiri nitakuwa barabarani kusubiri basi. Usidhani nimepata hekima, ni woga tu. Naogopa kuandika barua nyingine ya kusema nitakuja. Ahadi niliyo nayo ni hii: akiniita mtu wangu, nitaondoka. Kwako wewe haina faida tena, najua.

Buriani, Dada. Udongo wa pale niliushika, ni mwepesi, wa kichanga. Naomba usikulemee.

Mdogo wako,
Tekla