Dakika Zangu, Salio la Kaka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimekuwa baba mdogo! Shemeji Mercy kajifungua leo saa nne asubuhi, hapa hospitali ya Tosamaganga. Dume, kilo tatu na nusu. Sura kachukua kwangu – yaani nzuri. Mimi ndiye niliyemleta kutoka Mbeya, maana mimba ya kwanza mke anakwenda kujifungulia kwao, na kaka Lusekelo yuko na lori njia ya Kongo. Kwa hiyo upande wetu wote huku Iringa ni mimi peke yangu. Kibanda changu cha kutengeneza simu kule Mwanjelwa nimefunga, wateja watakuwa wanalia.

Nikampigia kaka hapo hapo. Yuko Zambia, foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Simu yake kubwa waliiba Tunduma, kabaki na kasimu ka kitochi na laini yake ile ile ya Tanzania. Alipiga kelele ya furaha mpaka sikio likaniwasha! Akasema jioni atampigia mwenyewe baba mkwe wake, Mzee Jailos, amsalimie na kumtajia jina la mtoto. Kisha: haya, kata sasa. Nikate? Na dakika mia za kifurushi? Nikamsikilizisha mtoto akilia. Mtoto akanyamaza, tukasubiri alie tena. Nikampa na habari za mtaa wote. Akafoka: "Dogo, unanilia hela, kata!" Nilicheka! Nani kapiga, mimi au wewe? Lori limemvuruga akili.

Jumanne, 10 Juni

Kaka hakupiga jana. Mzee Jailos alikaa na simu mapajani mpaka ugali ukapoa.

Leo nimempigia kaka mara sita kumkumbusha. Ya kwanza kapokea: "Ombeni, acha kunipi–" ikakata. Tano zilizofuata, hapatikani. Nikamwambia Mzee kaka yuko bize kidogo. Weee! "Bize? Kwani kazaliwa mtoto mwingine huko?" Nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeniagiza.

Jumatano, 11 Juni

Hapatikani. Nimejaribu mara kumi na moja. Shemeji karuhusiwa hospitali, yuko kwao na mtoto. Kaniuliza, "Shemeji, mliongea nini na mwenzio?" Nimesema vizuri tu. Mama yake anaosha nepi na kusema na beseni: madereva bwana, kila mpaka wana nyumba. Sauti ya kunifikia mimi.

Kaka yangu? Hapana. Au? Sielewi.

Ijumaa, 13 Juni

Mambo yamekuwa makubwa. Mzee Jailos kaniita asubuhi, kavaa koti zito, baridi kama la kwetu. Kasema Jumapili baada ya ibada wanakaa. Kama mkwe hajasema kwa mdomo wake mwenyewe, mtoto atapewa jina la hapa, na Mercy harudi Mbeya. "Siwezi kumrudisha binti kwa mtu asiyeulizia hata mwanawe." Shemeji alikuwa mlangoni. Akamfunika mtoto, na mtoto alikuwa ameshafunikwa.

Nikashuka mjini kununua laini mpya, labda ya kwangu ndiyo mbovu. Duka la Mzee Murtaza, pale karibu na soko. Nikamweleza kifundi, nikampa na maneno magumu. Akaniangalia juu ya miwani. Akauliza kaka ana laini ya wapi. Ya hapa. Yuko wapi? Zambia. Anapokea? Alikuwa anapokea. Mzee Murtaza akapiga kofi mezani. "Sasa wewe fundi gani? Binti yangu alipokwenda India na laini ya hapa, nilimaliza salio lake kwa kumuuliza kala nini! Wewe unalipa kama unampigia mtu wa Mbeya. Kuanzia mpakani mpaka sikioni kwake, analipa yeye."

Analipa – kupokea?

Nikamwambia haiwezekani, anayepiga ndiye anayelipa, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Akasema nenda kamuulize huyo mtoto wa darasa la pili.

Jumamosi, 14 Juni

Sijalala vizuri. Napiga hesabu, haikai sawa. Mtu akikutembelea nyumbani kwako, nauli unalipa wewe? Lakini laini ni yake, na kaenda nayo mbali mwenyewe... Lakini sikumtuma mimi... Lakini nilimpigia mimi! Hapo ndipo ninapozunguka.

Kwa hiyo salio alilomtunzia Mzee Jailos nililila mimi. Kwa kusubiri mtoto alie.

Kutwa nimezunguka kumtafuta Mzee nimwambie. Nimempata zizini. Nikamuuliza habari za ng'ombe.

Jioni nimemrushia kaka vocha kwenye laini yake, nimetoa yote niliyokuwa nayo, imebaki nauli ya Mbeya. Sijampigia. Namtumia meseji tu: kesho saa saba atapigiwa na mkwe wake, apokee.

Jumapili, 15 Juni

Naandikia nyuma ya jiko, haraka haraka.

Walikaa. Mzee Jailos, mdogo wake Amos, mama mkwe, shemeji na mtoto. Nikapiga, nikaweka spika. Kaka kapokea! Shemeji alishika mdomo. Nikampa Mzee simu, nikajiona mwanaume.

Mzee akakohoa, akakaa sawa. "Kamwene, mkwe," akamsalimia kwa Kihehe. Kaka akaitikia. Habari za safari? Nzuri, baba. Za gari? Nzuri. Na hiyo foleni? Inasogea. Mvua huko zipoje? Mahindi yao wamevuna? Watu wa huko wanaishi vizuri? Wana ng'ombe? Kaka anajibu moja moja, kwa adabu – mkwe utamwambia aharakishe? Mimi jasho, na hilo baridi! Nikamwonyesha Mzee saa. Akanikata jicho. Akauliza hali ya barabara.

Mwisho: "Haya. Mwanao tumempokea. Umempa jina gani?"

"Baba, jina lake ni–"

Ikakata. Tu tu tu.

Mzee aliangalia simu kama kitu kilichomtemea mate. "Kanikatia." Amos akasema, "Katuona washamba." Mama mkwe akainuka kwenda kutandika kitanda cha Mercy, cha kudumu. Shemeji akaniangalia mimi. Mimi tu. Nikasema mtandao, nikatoka nje.

Mtandao upo. Vidoti vinne. Kilichokwisha ni vocha ya jana.

Nauli yangu nimeigeuza vocha sasa hivi, imeshafika kwa kaka. Inatosha jina. Inatosha na kumwambia Mercy neno moja. Kwa salamu haitoshi. Na Mzee nikimpa simu ataanza na kamwene, na gari, na mvua, na ng'ombe, ndivyo mtu mzima anavyoongea na mkwe.

Ananiita. "Bwana mdogo! Umeupata huo mtandao?"

Lazima nimwambie asisalimie. Na nikimwambia asisalimie, ataniuliza kwa nini.