Kapteni na Kinyago cha Gesi

Laker, naandika nyuma ya kadi ya mgonjwa.

Kapteni wa kambi ya jeshi ameletwa wodini amevunjika mguu. Nikampa kinyago cha gesi ya kutuliza maumivu, nikamwambia akishike mwenyewe, ili usingizi ukimzidi kidondoke chenyewe.

Akanitukana! "Mimi nishike? Shika wewe, mshenzi!"

Haya, nikashika. Nikamkandamizia usoni, avute mpaka ashibe, mbwa yule.

Akaanza kucheka. Anacheka, anataja watu aliowaua, jina kwa jina. Anacheka, Laker!

Alipozinduka akanikazia macho: "Sista, nimesema nini?"

"Ulikuwa unamwita mama yako, afande."

Hakumwita mama. Alimtaja kaka yako Ocen, waliyemkamata. Kesho usimpelekee tena chakula kambini.