Sakafu Bado Mbichi

Dada Malsuk mpenzi,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Ulsan, wewe na shemeji, na kwamba upepo wa bahari haujakupa kikohozi. Sisi huku Jeongseon hatujambo. Kabichi tumeshazitia chumvi na pilipili, mitungi tumeifukia, theluji imeanguka, na Mama anakula, anatembea, anagomba. Kwa umri wake hayo yanatosha. Anwani yako nimeipata kwa binti wa shangazi. Usimkasirikie, nilimng'ang'ania mpaka akasalimu amri.

Kubwa ninalotaka kukuambia ni habari ya nyumba. Mimi na Gapsu tumejenga nyumba mpya karibu na daraja, chumba kimoja kikiwa cha Mama. Majira ya baridi yaliyopita aliteleza kule juu mlimani, kwenye nyumba yetu ya zamani, akienda kuchochea kuni za jiko linalopasha sakafu joto, akalala kwenye barafu mpaka jirani alipopita. Nikaapa baridi nyingine haitamkuta peke yake kule. Mama akakubali kuhama. Lakini mvua ilitukamata, mabomba ya maji moto ya kupita chini ya sakafu yakachelewa, na hapo ndipo akaleta sharti: atahamia siku moja tu, mwisho wa vuli, siku ambayo pepo wasumbufu wote wamepanda mbinguni na hakuna wa kumfuata mtu na mizigo yake. Ikipita hiyo, hahami mpaka masika. Unamjua Mama. Akisema basi, ni basi.

Sasa sikiliza vituko. Mabomba yakatandazwa, saruji ya kuyafunika ikamwagwa, na siku zimeshatubana. Fundi akasema tuiache ikauke yenyewe kwanza, ndipo tuwashe boila kwa moto mdogo, ndipo tubandike karatasi ya mafuta juu. Gapsu, na haraka zake zile, akataka kuiwasha kesho yake kwa nguvu zote. Nikamwambia awashe tu, sakafu ikipasuka atalala yeye kwenye ufa. Akaniuliza kama ameoa mke au mkaguzi wa serikali. Tukanuniana siku nzima, lakini boila haikuwashwa.

Mama naye alishuka kila asubuhi kukagua. Tulikuwa tumebandika kipande cha nailoni sakafuni. Kikitoa jasho kwa chini, saruji ni mbichi. Anainama, anafunua, anatangaza: “Bado! Inatoka jasho kama ng'ombe wa kulima.” Halafu anapanda zake mlimani kwa mwendo mwepesi. Mimi roho juu, yeye anaimba njiani! Nikaanza kujiuliza huyu bibi anafurahia nini.

Siku yake ikafika na nailoni bado ina jasho. Ujanja aliupata Gapsu. Akasema, kwani wazee hawasemi kwamba nyumba ikishaingizwa chungu cha wali imeshahamiwa? Basi chungu cha Mama kiingie leo, mwenyewe afuate sakafu ikikauka, na pepo wakirudi wakute watu wamehamia zamani. Akatandika mbao za kukanyagia juu ya saruji, tukapanda kwa Mama, akampigia mkwewe magoti kwa mbwembwe, akaomba chungu. Mama akakikumbatia, hakitoi. Gapsu akakivuta kidogo kwa mzaha, na Mama akaangua kilio.

Alilia, Dada, palepale mlangoni pake. Akasema siku ile aliichagua makusudi, akijua sakafu haitawahi. Hakutaka kuhama, na sababu ni wewe. “Malsuk anaujua mlango mmoja tu,” akasema. “Akija akaukuta umefungwa, atadhani bado nimemfukuza.” Akasema kila jioni tangu uondoke anakuwekea bakuli la wali chini ya blanketi, pale sakafuni penye joto zaidi karibu na jiko, kama tulivyokuwa tukimwekea Baba akichelewa mgodini. Nyumba ya mabomba ina joto sawasawa kila mahali. Sasa bakuli la mwanawe ataliweka wapi?

Hapo nikamwambia jambo ambalo hata Gapsu hakulijua. Kabla saruji haijamwagwa, nilimwomba fundi ayabane mabomba kwenye kona moja ya chumba cha Mama, chini ya dirisha, ili pawe na moto kuliko kwingine. Maana bakuli lako nalijua siku nyingi. Niliwahi kulifunua nikitafuta soksi, nikalifunika, nikanyamaza. Mama akanitazama, akafuta kamasi, akasema ataamini makalio yake yatakapomwambia. Lakini chungu alikitoa.

Sakafu ikakauka kwa raha zake. Boila tukaipandisha kidogo kidogo, hapakutokea ufa hata mmoja, na Mama akahamia kabla ya theluji. Jioni ya kwanza alitambaa chumba kizima akipapasa kwa kiganja, sisi tukimfuata kwa macho kama wanaosubiri matokeo ya mtihani, mpaka akafika kwenye kona ile, akaketi. “Hapa,” akasema. Jamani, nilifurahi!

Wali wako sasa anaula Gapsu kila asubuhi, kwa kuwa Mama hataki utupwe. Amenenepa. Anasema wewe shemeji yake uje haraka kabla suruali hazijamkataa zote.

Najua uliondoka kwa sababu Mama aliapa kwamba mwanamume uliyempenda hatakula wali nyumbani kwake. Sikuandikii ili niwapatanishe. Nyote wawili mna vichwa vya mawe. Nakuandikia kwa sababu jana nilipofunua blanketi nilikuta mabakuli mawili. Nikamwuliza Mama la pili ni la nani. Akaniambia niache maswali ya kipuuzi, mtu aliyetoka Ulsan kwa baridi hii nataka ale nini, hewa?

Ni nyumba ya paa la buluu, ukishavuka daraja tu. Msalimie sana shemeji, mwambie aje na njaa.

Ni mimi mdogo wako,
Okbun