Mkungu Nyuma ya Kiti

Jumatatu, 4 Juni 1956
Tangu asubuhi napiga msasa bawa la kushoto. Vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye chai. Mimi seremala wa vitanda na majeneza, sasa natengeneza ndege. Mke wangu anasema tumechanganyikiwa wote wawili, mimi na Fundi Gurdit. Huenda. Lakini Kalasinga huyu alirusha ndege wakati wa vita, na hii anaiunda mwenyewe hapa Buhembe, pembeni mwa Bukoba, kwa michoro iliyokuja kwa meli.

Nimemuuliza ni kitu gani huangusha ndege ndogo. Nilidhani atasema injini. Kumbe ni rubani kuinua pua kupita kiasi. Upepo unaacha kushika bawa, bawa linaacha kubeba. Bawa moja likitangulia, ndege inashuka ikizunguka kama pia. Sijaelewa. Sipendi kitu nisichokielewa.

Jumatano, 6 Juni
Nimetengeneza kindege cha karatasi ngumu. Senti tano puani: kikashuka vizuri, kikatua. Senti tano mkiani: kikanyanyua pua, kikasimama hewani, kikazunguka, kikaangukia kwenye sufuria ya mke wangu. Nimerudia mara ishirini. Sufuria sasa inafunikwa.

Fundi alicheka, kisha akaacha. Ndege yenye mkia mzito ikishaanza kuzunguka, anasema, hata rubani hodari huenda asiitoe.

Jumamosi, 16 Juni
Tumeazima mizani ya kahawa. Tumepima kila gurudumu, tukapima mkia, tukajipima wenyewe. Mimi ni mzito kuliko nilivyodhani. Fundi amechora mstari mwekundu nyuma ya viti viwili. Nyuma ya mstari hakiwekwi kitu. Hata kofia.

Jumatatu, 25 Juni
Kibali cha kuruka kimefika. Fundi ameruka peke yake, juu sana, upande wa ziwani. Akainua pua makusudi mpaka ndege ikasimama hewani. Ikadondoka. Ikazunguka mara moja, mara mbili. Kisha, alivyonieleza baadaye, akakanyaga pedali ya upande wa pili, akasukuma usukani mbele, ikatoka. Nilikuwa chini nahesabu.

Sikuogopa kama nilivyotegemea. Niliona wivu. Nataka kupanda.

Jumapili, 8 Julai
Naandika yote, hata ya aibu.

Asubuhi tuliruka mpaka Buganguzi kwa mama. Tukatua malishoni, kijiji kizima kikatoka. Tulipewa kahawa ya kutafuna, tukalishwa mpaka basi. Wakati wa kuondoka mama akaleta mkungu wa ndizi, mkubwa kweli, na mfuko wa kahawa. Mgeni haondoki kwetu mikono mitupu. Wajomba wote wamesimama wanatazama. Fundi alikuwa mbele anakagua injini.

Niliujua mstari. Tuliuchora pamoja, mimi ndiye niliyeshika rula. Lakini kumwambia mama hapana mbele ya ndugu zake? Niliuweka mkungu nyuma, na mfuko juu yake, nikafunika kwa koti. Kufunika kwenyewe kunanishtaki.

Tulipoacha tu ardhi pua ikapanda. Fundi anasukuma usukani mbele, haishuki. Bawa likaanza kutikisika, kiti kikatikisika, sauti ya upepo ikafifia. Upande wa kushoto ukalegea. Akapiga kelele, "Umeweka nini nyuma?"

Niligeuka, nikavuta mfuko, nikautupa nje, maana ndege haina paa. Kisha mkungu. Ulikwama kwenye mkanda wa kiti, nikaung'oa kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi. Pua ikashuka. Tulipita juu ya migomba ya watu, karibu kiasi cha kuona kuku wakikimbia.

Fundi aliirudisha ndege Bukoba. Alipozima injini alisema, "Ungekuwa hujui, ningekusamehe leo leo."

Alhamisi, 12 Julai
Karakana ya Fundi ina kufuli jipya, ufunguo sikupewa. Nimetengeneza jeneza moja na meza. Naona aibu, na naitamani ile ndege. Nadhani naitamani zaidi kuliko ninavyoona aibu. Hilo nalo ni aibu.

Ijumaa, 20 Julai
Mama amefika kwa lori. Amesikia Fundi anaruka kesho kwenda Muleba. Ana mkungu kichwani, wa kaka yake aliye huko. Moja kwa moja hadi karakana, mimi nyuma yake. Mlango ulikuwa wazi, Fundi anafunga nati gurudumuni.

Mama akanipa mkungu niupakie.

"Hapana, waitu mama."

"Waitu" ni la heshima, lakini hapana sijawahi kumwambia maishani. Nikamweleza yote, na kwamba zawadi yake niliitupa. Akauliza kama ndizi zilimwangukia mtu. Nikasema sidhani. Akasema basi zimeliwa na mbuzi wa mtu, akakaa chini, akaomba maji.

Fundi hakuinua kichwa. Alininyooshea spana, akasema nati ya upande wa pili bado. Nimeifunga.