Honi Mbili za Kwenda Mbele

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa tatu

Somo la asubuhi kama kawaida. Mimi kwenye usukani, mume wangu Kalala kando, anasikiliza injini. Haoni tena; macho yana ukungu. Zamani aliendesha malori ya kariere, mgodi wa wazi, yale majitu ya shimoni. Honi moja kabla ya kuwasha. Mbili kabla ya kwenda mbele. Tatu kabla ya kurudi nyuma. Ndivyo walivyofanya shimoni, ndivyo anavyonifundisha. Napiga. Majirani wamezoea.

Shule imenifukuza kazi kwa kuwa asili yangu ni Kasai. Wakasai hawafundishi tena hapa, walisema. Nimezaliwa hapa hapa Musonoi! Niliwajibu ukurasa mzima, nikaubandika mlangoni kwao. Sijuti.

Jumanne, tarehe 9

Nimepita stesheni. Wakasai waliofukuzwa wamelala juu ya magodoro, wanangoja treni ya Kasai isiyokuja. Watoto wanahara. Sitangoja pale. Tuna pikapu na mafuta ya kutosha. Ila kwenye vizuizi vijana wanadai permi ya dereva, yaani leseni. Mkasai asiye nayo ananyang'anywa gari. Kalala hawezi kutembea hadi Kasai. Basi, mtihani.

Siuogopi. Nimetahini watu maisha yangu yote.

Jumatano, tarehe 10

Maswali ya sheria za barabara. Nani anapita kwanza kwenye njia panda, taa gani kwenye mvua. Nilijibu yote. Swali la mwisho liliandikwa vibaya, nikamsahihisha mtahini. Kalala anasema nina wazimu. Inawezekana.

Nchi inabomoka na ofisi ya permi bado inafunguliwa kila asubuhi. Ujinga mtupu. Leo unanifaa.

Alhamisi, tarehe 11

Nimeanguka mtihani.

Honi tatu, nikarudi nyuma kati ya mapipa mawili bila kuyagusa. Mtahini akacheka: "Mama, uko unaita nani?" Kisha mlima wa hospitali, kusimama na kuondoka bila gari kurudi nyuma. Niliondoka vizuri kabisa. Lakini kwanza nilipiga mbili, chini ya kibao kinachokataza honi.

Nilibishana. Bila shaka nilibishana: ndivyo wanavyofanya kariere, nilimwambia.

"Mama, weye unapenda matata. Hapa haiko ku kariere. Kuya kesho."

Nina hasira. Kosa ni langu, na bado nina hasira. Usiku huu wamechoma nyumba ya Wakasai mtaa wa pili.

Ijumaa, tarehe 12

Mlima uleule. Vidole viliniwasha. Sikuigusa honi.

Mwishoni akashika kalamu: "Kwenu wapi, mama?" Swali lile. Kwa jibu lake watu wanapigwa.

"Musonoi. Andika Musonoi."

Alinitazama sana. Akaandika. Akagonga muhuri kwenye permi.

Sitamwita mtu mwema kwa kufanya kazi yake. 

Jumapili, tarehe 14, Lubudi

Tumefika hapa, njiani kwenda Kasai. Kwenye vizuizi vyote walisoma permi, wakatuachia. Mmoja aliisoma juu chini. Sikumsahihisha, mimi.

Asubuhi, kabla ya kuondoka nyumbani, nilifunga mlango kwa ufunguo, sijui kwa nini. Jirani Mama Ilunga aliweka karanga za kuchemsha kwenye kiti cha pikapu, akarudi kwake. Niliwasha injini. Honi sikuipiga; sikutaka mtaa ututazame tukiondoka.

Kalala alingoja. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa usukani hadi akaipata. Akapiga mbili.

Nikaondoa gari.