Walisema Umenawiri

Da Mwanaidi, dada yangu,

Leo nakuandikia wewe, mtu pekee ambaye sikuwahi kumshinda kwa maneno.

Unaukumbuka mwaka ule wa foleni za sukari na sabuni, mtaa wetu wa Nguvumali mzima tumekonda, nguo zinatupwaya? Wewe peke yako ulianza kujaa, uso na miguu. Jirani yetu Saumu, shoga yako, akakusimamisha mlangoni.

"Mwenzetu wanawiri. Sukari waipata wapi?"

"Kwa mumeo, shoga."

Alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Mama hakucheka. Aliogopa husuda; akakufukiza ubani, akakukataza kutoka nje mpaka macho ya watu yatulie. Mimi niliyebishana na kila mtu, hata na redio, siku ile sikubisha. Nilikubonyeza mguu, shimo la kidole likabaki. "Umekuwa andazi," nikasema, tukacheka. Kusema kweli nilijivuna: hata nyumba yetu ina mnene.

Mwezi mzima ukapita ndipo tukakufikisha hospitali. Daktari alisema ni saratani ya damu, na kwamba protini katika damu yako imeshuka, ndiyo maana maji yanavuja mishipani na kujaa mwilini. Hukuwa umenenepa. Ulikuwa umevimba. Mwezi wa mfungo ulipoandama, tulishakuzika.

Sukari iliporudi madukani, mimi nilishakuwa mwandishi wa kugombana magazetini. Juzi nimesoma kuhusu wagonjwa wa saratani kama yako wanaopandikizwa mbegu za damu, zile chembe za ubohoni zinazozalisha damu, mara nyingi kutoka kwa ndugu wa tumbo moja. Madaktari huangalia protini hiyohiyo. Ikiwa chini, matumaini ya kuishi baada ya kupandikizwa hupungua. Sikuweza kuendelea kusoma.

Najua, tiba hiyo kwetu haikuwapo, na wakubwa waliotuachia hospitali zisizo na hata pamba sijawasamehe. Lakini mwezi ule, dada, tuliupoteza wenyewe. Uliniomba nikupeleke Pangani kwa shangazi, uvuke mto kwa kivuko, ukale pweza wa nazi. Nami, msomi wa nyumba, nikakujibu, "Ngoja husuda ipite." Ukarudi kuketi kitandani.

Pengine usingepona. Ila ungekula pweza.

Niwie radhi, dada. Mungu akupanulie kaburi.

Mdogo wako