Koti la Ofisini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mgongo umepata nafuu, maana najua cherehani haikupi nafasi ya kuegemea. Mimi ni mzima, nakula, nalala.

Nimeona ujumbe wako ukitaka vipimo vya mabega ili unishonee koti la kuanzia kazi ofisini. Lakini kwanza nikujibu lile swali lako, kwa nini wenzangu wa chuo cha kilimo wanataka kujiajiri na mimi nimeng'ang'ania kuajiriwa.

Dada, hukuwaona! Siku mwalimu wa ujasiriamali alipouliza nani anataka kuanzisha biashara yake, mikono yote ilipanda isipokuwa wangu. Kufikia jioni darasa zima lilikuwa la wakurugenzi. Mmoja alichapisha kadi za biashara hata kifaranga hana, yaani mbeleko imenunuliwa na mwana hajazaliwa. Mwingine alitaka kulima nyanya kwa simu, amelala kitandani, miguu ukutani. Wote walitaka cha mvunguni, kuinama hawataki. Ukiwaambia waoshe vyombo vya maji ya kuku, kila mkurugenzi ana kikao.

Kinara wao tulimwita Bosi, kijana wa viatu vilivyochongoka na maneno mengi. Yeye na wenzake walichanga wakanunua mashine ya kutotolesha, wakaijaza mayai kutoka banda la kuku wa mayai la chuo. Hawakumuuliza mtu. Banda zima halina jogoo hata mmoja! Na hao ni wasomi wa kilimo! Wiki tatu waliyageuza na kuyaombea, hadi harufu ikafukuza watu bwenini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwambia mbele ya wote kwamba hata mtoto wa chekechea anajua yai lisilo na jogoo ni la kukaanga tu. Wenzake wakatawanyika. Yeye akafuta mikono, akasema basi atatafuta jogoo. Nikamdharau zaidi.

Mimi, wa kwanza darasani, nikaomba kazi kila ofisi yenye mlango. Hakuna iliyonijibu. Wewe ukawa unaniuliza mimi kama nimepata kazi, na wateja wako wanakuuliza wewe.

Sasa niseme lile ninalolizungukazunguka. Kampuni niliyokwambia imeniajiri ni ya Bosi. Ni chumba nyuma ya gereji, mashine tatu, na watu humletea mayai awatotoleshee vifaranga kwa malipo. Ofisi yangu ni kiti kando ya magunia ya pumba. Kwenye usaili aliniuliza jambo moja tu: mteja akileta mayai yasiyo na jogoo, nitamcheka au nitamweleza? Hakunikomoa, wala hakutabasamu. Niliona aibu, nikainamisha macho kwenye viatu vyake. Siku hizi anavaa mabuti, na yamejaa kinyesi cha kuku. Nikajibu kwamba nitamweleza.

Wale wengine bado nawadharau, usidhani nimeokoka.

Koti usilikate, dada. Wateja wako waambie lolote. Nishonee ovaroli ya kitambaa kizito, yenye mifuko mikubwa. Vipimo vya mabega ni vilevile vya zamani. Kilichopungua ni kichwa.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba